Christopher Okigbo: Mafunzo ya Maisha Mafupi ya Mshairi

Katika historia ya fasihi ya Afrika ya karne ya 20 wapo waandishi kadhaa waliofariki kabla ya kutimiza hata nusu ya kazi waliyotarajiwa kuifanya, lakini ni wachache ambao vifo vyao vimebishaniwa kwa muda mrefu kama kifo cha mshairi wa Nigeria, Christopher Okigbo, aliyezaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Ojoto, karibu na mji wa Onitsha, akauawa mwaka 1967 katika vita vya Biafra akiwa na umri wa takriban miaka 35. Sehemu kubwa ya urithi wake imo katika kitabu kimoja chembamba, *Labyrinths*, kilichotoka mwaka 1971, miaka minne baada ya mwenyewe kufukiwa na vita. Makala haya yanayapitia maisha hayo kwa nia ya kuchota mafunzo, na hoja yanayoijenga ni kwamba mafunzo makubwa yamo katika namna Okigbo alivyofanya kazi alipokuwa hai, ingawa namna alivyokufa ndiyo inayozungumzwa zaidi kila jina lake linapotajwa.

Okigbo alilelewa katika nyumba iliyokuwa na milango miwili ya imani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule za misheni za Kikatoliki, hivyo watoto walikulia katika sala, nyimbo za kanisa na vitabu. Lakini upande wa mama ulikuwa na dhamana ya madhabahu ya jadi, na wazee wa ukoo waliamini kwamba mtoto Christopher alikuwa ni babu yake mzaa mama aliyerejea. Imani hiyo ya marejeo, yaani kwamba roho ya marehemu huweza kurudi duniani katika mwili wa mtoto wa ukoo uleule, ilimpa tangu utotoni wajibu ambao hakuuchagua, kwa sababu babu huyo alikuwa kuhani, na kuhani akirudi hutarajiwa kuiendeleza huduma yake. Okigbo hakuutimiza wajibu huo madhabahuni, bali aliuhamishia katika ushairi, na baadaye alieleza kwamba utunzi ndio uliokuwa njia yake ya kuitumikia Idoto, mto wa kijiji chake ambao pia ni mungu wa kike anayeheshimiwa na wenyeji, na ambao mti wa jadi, kobe na chatu huhesabiwa kuwa alama zake takatifu.

Safari ya kuufikia ushairi, hata hivyo, haikunyooka. Baada ya masomo ya sekondari katika Government College, Umuahia, shule iliyomlea pia mwandishi Chinua Achebe, Okigbo aliingia Chuo Kikuu cha Ibadan kwa nia ya kusomea udaktari, akaiacha na kuhamia masomo ya Kigiriki na Kilatini cha kale, akahitimu mwaka 1956. Miaka iliyofuata aliipitisha katika kazi zisizofanana: alifanya kazi katika makampuni ya biashara, akawa katibu wa waziri katika serikali ya shirikisho, akafundisha Kilatini katika shule ya sekondari ya Fiditi karibu na Ibadan, akawa mkutubi msaidizi katika Chuo Kikuu cha Nsukka, kisha mwakilishi wa shirika la uchapishaji la Cambridge katika Afrika Magharibi. Kwa jamaa waliomlinganisha na kaka yake Pius, ambaye alikuja kuwa mmoja wa wanauchumi mashuhuri wa nchi hiyo, kijana huyu aliweza kuonekana kama mtu asiyetulia, na kwa kipimo cha vyeo na mishahara wasingekuwa na makosa.

Lakini kipimo cha vyeo hakikuweza kuona kilichokuwa kikiendelea. Mwenyewe aliutaja mwaka 1958, alipokuwa na umri wa miaka 26 hivi, kuwa ndio mwaka alioacha kuuchukulia ushairi kama burudani ya pembeni na kuukubali kuwa ndiyo kazi yake hasa. Darasa la Kilatini lilimlazimu kuwarudia Virgil na washairi wengine wa Roma kila siku, na ukutubi wa Nsukka ulimweka katikati ya vitabu kwa saa nyingi, kiasi kwamba kazi ambazo kwa nje zilionekana kuwa kutangatanga zilikuwa kwa ndani shule ya pili. Funzo la kwanza la maisha yake limo humo: kwamba kuchelewa kuipata njia si sawa na kupotea, mradi mtu awe anajifunza jambo pale alipo, na kwamba aliyechelewa hana budi kuishika njia kwa mikono miwili pindi anapoiona, kwa kuwa kati ya mwaka 1958 na kifo cha Okigbo ilikuwapo miaka tisa tu.

Miaka hiyo tisa ndiyo iliyozaa kila anachokumbukwa nacho. Mwaka 1961 ilianzishwa mjini Ibadan klabu ya Mbari, iliyowakutanisha waandishi, wachoraji na wanamuziki, wakiwemo Ulli Beier, Wole Soyinka, Achebe, J. P. Clark na Ezekiel Mphahlele, mwandishi aliyekuwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini. Klabu hiyo ilikuwa na uchapishaji wake, na huko ndiko zilikotoka *Heavensgate* mwaka 1962 na *Limits* mwaka 1964, zote zikiwa mifululizo ya tungo, yaani mashairi mafupi yaliyopangwa kwa namna ambayo kila moja hulitegemea jingine na maana kamili hupatikana baada ya kusoma yote. Kijana mwenye kipaji anayeishi peke yake huweza kuandika, lakini ni vigumu kwake kujua kama alichoandika kina uzito. Okigbo alikuwa na bahati ya kuwa na wenzake waliomsoma, waliobishana naye na waliokuwa na mtambo wa kuchapa.

Sifa yake iliyo kubwa zaidi kama fundi ni kwamba hakuridhika na shairi kwa sababu tu lilikuwa limeshachapishwa. Msomaji akiiweka *Heavensgate* ya mwaka 1962 kando ya ile iliyoingizwa katika *Labyrinths* ataona kwamba mistari imekatwa, maneno yamebadilishwa na baadhi ya vipande vimehamishwa au kuondolewa, ilhali toleo la kwanza lilikuwa limekwisha kupokewa vizuri na hakuna aliyedai marekebisho. Aliacha nje pia tungo zilizokwisha kutoka magazetini, zikiwemo *Four Canzones* za ujana wake, na hata shairi alilomtungia mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, katika maadhimisho ya miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Kutupa ubeti mbaya hakuhitaji ushujaa; kinachohitaji ushujaa ni kuondoa ubeti mzuri kwa sababu hauchangii jengo zima, na hilo Okigbo alilifanya mara nyingi.

Ufundi huo uliambatana na ugumu ambao haufai kufichwa. Okigbo alitunga mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina wala mizani, aina ambayo kwa wasomaji wa Kiswahili ilikuja kuzua mjadala mkali baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha *Kichomi* mwaka 1974, na ndani ya mashairi hayo alichanganya ibada ya Kikatoliki, hadithi za Kigiriki, mwangwi wa Ezra Pound na T. S. Eliot, pamoja na imani na ngoma za Afrika Magharibi. Alikuwa pia mpiga piano, na mara nyingi sauti na mpangilio vilimwongoza kabla ya maana, jambo linalowafanya wanafunzi wengi kukata tamaa wanapoufungua ukurasa wa kwanza. Wapo wahakiki waliomlaumu kwa kuandikia kikundi kidogo cha wasomi, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, tungo zake za mwisho zinaonyesha kwamba alikuwa akielekea katika lugha iliyo wazi zaidi, na hakuna anayeweza kusema angefika wapi kama angeishi.

Ukanda wa Afrika Mashariki haukuwa mbali na maisha yake. Mwezi Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, uliofanyika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiwa bado mwanafunzi, alimpa Achebe mswada wake ausome, na ambako Okigbo alitoa kauli iliyonukuliwa mno baadaye, kwamba mashairi yake huwasomea washairi wenzake tu. Jarida la *Transition*, lililoasisiwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961, lilimchapisha na kumweka miongoni mwa wahariri wake kwa upande wa Afrika Magharibi. Katika mwezi huohuo wa mkutano, Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vya Kiswahili visingempa nafasi katika mkutano uliofunguliwa kwa wanaoandika Kiingereza peke yao, alifariki dunia. Ngũgĩ aliitaja kasoro hiyo miaka mingi baadaye, na inafaa ikumbukwe na kila anayeisifu Makerere ya mwaka 1962, kwa sababu inaonyesha kwamba kizazi kile cha Okigbo, pamoja na kipaji chake chote, kilianza safari kikiwa hakimwoni jirani.

Msimamo wake kuhusu hadhi ya sanaa ulidhihirika tena mwaka 1966. Katika tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, lililofanyika Dakar, *Limits* ilipewa tuzo ya ushairi, naye akaikataa kwa hoja kwamba kazi ya fasihi ama ni nzuri ama ni mbaya, na kwamba kuitenga kwa rangi ya aliyeiandika ni kuipunguzia thamani. Mtu anaweza kuipinga hoja hiyo, maana waandaaji wa tamasha walikuwa wakijibu karne nyingi za kudharauliwa kwa mtu mweusi, na kujibu dharau si kosa. Lakini kijana wa miaka 33, asiye na mali na aliyekuwa na vitabu viwili vidogo tu, kuikataa heshima kubwa kwa ajili ya kanuni ni jambo linalofundisha: mwandishi anayejua kipimo chake mwenyewe hahitaji kila kipimo cha watu.

Wakati huohuo mambo ya nchi yalikuwa yameanza kuingia katika tungo zake. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960, na ndani ya miaka michache Mkoa wa Magharibi ulitumbukia katika ghasia za kisiasa, kiongozi wa upinzani Obafemi Awolowo akafungwa, na uchaguzi wa mwaka 1965 ukafuatwa na umwagaji wa damu. Mapinduzi ya kijeshi ya Januari 1966 yalifuatwa na mapinduzi mengine mwezi Julai, na katika mwaka huo maelfu ya Waigbo, watu wa kabila la Okigbo, waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa, huku wengine wakikimbilia mashariki wakiwa na kile walichoweza kubeba. Katika miezi hiyo Okigbo alitunga *Path of Thunder*, tungo zinazotangaza kuja kwa vita kabla havijaja, na humo mshairi aliyesema huwasomea washairi tu anajipa kazi ya mpiga mbiu wa mji. Kwa wasomaji wa Kiswahili picha hiyo haihitaji maelezo, kwani mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tofauti ni kwamba mbiu hii ilipigwa na mtu ambaye baadaye hakubaki nyuma kuangalia kama imesikiwa.

Tarehe 30 Mei 1967 Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kujitenga kwa eneo la mashariki kwa jina la Biafra, na mwezi Julai vita vikaanza. Okigbo na Achebe walikuwa tayari Enugu, ambako walianzisha shirika dogo la uchapishaji, Citadel Press, lililokusudiwa kuanza na hadithi za watoto. Hadithi yao ya kwanza, ambamo wanyama wanasalitiana mpaka chui anarudi kwa meno na makucha, ilikuja kutoka mwaka 1972 ikiwa na shairi la Okigbo ndani yake. Shirika lenyewe liliteketea na vita. Okigbo aliacha meza ya uhariri, akajitolea kwenda mstari wa mbele, akapewa cheo cha meja bila ya kuwa na mafunzo marefu ya kijeshi, na akauawa karibu na Nsukka, mji uleule aliowahi kuutumikia kama mkutubi. Vita vilipokwisha Januari 1970, vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja au zaidi, wengi wao kwa njaa, na wengi wao wakiwa watoto.

Namna marafiki walivyoipokea habari hiyo imehifadhiwa katika maandishi yao. Achebe alisimulia kwamba alipoileta nyumbani habari ya kifo hicho, mwanawe mdogo, ambaye hakuwa ameelewa bado kifo ni kitu gani, alimsihi baba yake asimwache Okigbo afe, na maneno ya mtoto huyo ndiyo yaliyokuja kuwa jina la diwani ya mashairi ya kumkumbuka mshairi, *Don't Let Him Die*, iliyohaririwa na Achebe pamoja na Dubem Okafor mwaka 1978. Soyinka, aliyekwenda mashariki mwaka 1967 kujaribu kuvizuia vita, alikamatwa aliporudi na kukaa kizuizini hadi mwaka 1969, akiomboleza akiwa ndani ya kuta za kizuizi hicho. Kizazi kilichokutana Mbari kikiwa na ndoto moja kilikuwa sasa kimegawanywa na mipaka, na hata J. P. Clark, aliyekuwa rafiki wa karibu wa Okigbo, alibaki upande mwingine wa vita.

Hoja iliyo kali zaidi juu ya kifo hicho ilitoka kwa mtu wa Mombasa. Ali Mazrui, mwanazuoni aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1933 na ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Makerere, alichapisha mwaka 1971 riwaya yake pekee, *The Trial of Christopher Okigbo*, ambamo marehemu anashtakiwa katika ulimwengu wa waliokufa wa Afrika. Shtaka lake ni kwamba aliutanguliza ukabila wake kabla ya usanii wake, na kwamba kipaji cha namna ile hakikuwa mali yake binafsi ya kukiweka mbele ya risasi. Anayepewa kazi ya kumtetea ni Hamisi, Mkenya aliyekufa ajalini, na anayemshtaki ni Apolo-Gyamfi wa Ghana, kwa hiyo kesi inakuwa ya bara zima. Wapo waliomwona Mazrui kuwa amemhukumu mtu akiwa mbali na moto uliomchoma, na lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu ni rahisi kumwambia mtu abaki na kalamu yake wakati wanaochinjwa ni jamaa zake wala si zako.

Pande zote mbili zina sehemu ya haki, na mwenye kutafuta mafunzo hapaswi kuikimbia hata moja. Okigbo hakwenda vitani kwa kupenda bunduki. Alikwenda baada ya mwaka mzima wa mauaji ambayo dola iliyopaswa kuwalinda raia wake haikuyazuia, na uzito wa sababu hiyo ulitambuliwa hata nje ya Nigeria, kwa mfano Tanzania chini ya Julius Nyerere ilipokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra mwezi Aprili 1968. Hata hivyo, nafasi yake katika handaki ingeweza kujazwa na askari mwingine, na pengine mwenye mafunzo bora kuliko yeye, ilhali nafasi yake mezani haikujazwa na yeyote hadi leo. Kuusema ukweli huo si kumdharau. Ni kukataa kuigeuza hasara kuwa hekaya ya ushujaa ambayo vijana wengine wataambiwa waige.

Waswahili hufarijiana msibani kwa kusema kizuri hakidumu, na kwa mfiwa maneno hayo yana huruma yake. Lakini yanapotumiwa kueleza kifo cha mwandishi kijana huficha jambo moja muhimu, kwa maana huufanya ufupi wa maisha uonekane kuwa ni tabia ya uzuri wenyewe, kana kwamba hapakuwa na wanasiasa walioshindwa kuzungumza, majeshi yaliyopewa amri, na kizazi cha wasomi kilichodhani vita vitakwisha kwa muda mfupi. Okigbo hakunyauka kwa kuwa alikuwa mzuri. Aliuawa, na waliosababisha vita walikuwa binadamu wenye majina.

Kilichomwokoa asisahauliwe hakikuwa risasi iliyomuua, bali ni kazi aliyoifanya kabla yake. Utangulizi wa *Labyrinths* aliuandika mwaka 1965, akieleza kwamba tungo zake zilizotoka kwa nyakati tofauti ni kitu kimoja kinachoungana kama mwili, na hivyo wachapishaji walipokuja kukitoa kitabu hicho baada ya vita walikuta mpangilio ambao mwenyewe alikuwa ameuamua. Laiti angeviacha vipande vyake vikiwa vimetawanyika magazetini, kama waandishi wengi wa umri wake wanavyofanya kwa kudhani kwamba wakati upo, angebaki jina katika orodha ya waliokufa Biafra. Sehemu ya maandishi yake mengine, yaliyotunzwa na familia, yaliingizwa na UNESCO mwaka 2007 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, ambayo ni rejista ya nyaraka zenye thamani kwa wanadamu wote. Nayo yasingefika huko kama kusingekuwa na watu wa nyumbani waliojua kwamba karatasi za marehemu si takataka.

Kwa waandishi vijana wa leo, wa Kiswahili na wa lugha nyingine, mafunzo yanayofuata kutokana na maisha hayo ni ya kutendwa zaidi kuliko ya kusifiwa. Mswada upangwe sasa, tena kwa tarehe na kwa mfuatano ambao mtu mwingine anaweza kuuelewa. Shairi lililochapishwa lirudiwe na kunyooshwa. Kikundi cha kusomana kitafutwe, hata kikiwa cha watu wanne. Na tuzo ipokewe au ikataliwe kwa sababu ambayo mwandishi anaweza kuieleza mbele ya watu. Kwa familia na vyuo, wajibu ni kukusanya karatasi za mwandishi anapofariki kabla ya mchwa na wahamishaji wa samani hawajazifikia. Na kwa wale wote wanaomtaja Okigbo katika hotuba za uzalendo, ombi ni moja: wamsome kwanza, kisha wamwige katika meza yake ya kazi, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa bila mpinzani, na wasimwige katika handaki la Nsukka, ambako Afrika ilipata meja mmoja kwa miezi michache na kumpoteza mshairi moja kwa moja.